Beberu Aliyetangulia Maua

Kabla hamjausikia upande wa mama, wacha niseme mwenyewe: mimi ndiye niliyeifanya printa ya nyumbani iombe chai. Ikapewa, na mahamri juu.

Kwa asili haikuwa printa ya kuombaomba. Ilikuwa kitu cha adabu, rangi ya kijivu, mdomo mpana, na mama aliileta nyumbani ili atolee mazoezi ya wanafunzi wake. Mama ni mwalimu wa madrasa hapa Mjambere, na watoto wa chuoni siku hizi ukiwaandikia alifu kwa mkono wanakwambia, "Mwalimu, alifu yako imepinda." Taabu ya ile printa ilikuwa makao. Nyumba yetu ina vyumba vingi kuliko plagi zenye akili. Plagi pekee isiyotoa cheche, na isiyokaliwa na friji au simu ya dada, ilikuwa chumbani kwa nyanya. Basi printa ikahamia kwa nyanya, ikawekwa mezani ubavuni mwa kitanda chake, ikafunikwa leso kama mgeni aliyechoka na safari.

Tangu siku hiyo mwenye kutaka karatasi ilikuwa shurti apige hodi, aamkie, aketi. Nyanya huniita mume wake, kama nyanya wote wa pwani wanavyowafanyia wajukuu, na huniteta kama mume wake pia.

"Mume wangu, umekula?"

"Nimekula, nyanya."

"Muongo. Mbona mbavu zahesabika? Hebu keti nikwambie goti langu lilivyoniamsha."

Goti lilikuwa na historia ndefu kuliko kitabu changu cha historia. Nikitoka pale na ukurasa wangu mmoja, jua limeshainama na nimesahau hata ulikuwa ukurasa wa nini. Na kila mtu nyumbani akitaka kutoa kitu alinituma mimi, kwa sababu wote walilijua goti.

Ndipo nikapata wazo. Kulikuwa na laptopu kuukuu ya dada, iliyovunjika kioo siku aliposahau kuwa ameiacha kitandani akaikalia. Kioo kilikufa lakini akili zilibaki timamu. Nawajua watu ambao kwao mambo ni kinyume. Nikaiunganisha na televisheni ili nione ninachofanya (nyanya alikosa tamthilia yake ya mchana, hilo ni shtaka jingine), nikaifuta yote, nikaipa programu za bure nilizojifunza kwa kutazama video, nikachomeka waya wake kwenye printa. Halafu nikaitia chini ya meza na kuisahaulisha dunia.

Kazi ya kile kifaa ni nyepesi kueleza. Wewe uko kitandani na simu yako, umo kwenye waifai ya nyumbani. Unabonya. Karatasi yako inakwenda kwa laptopu iliyo chini ya meza, laptopu inaipanga kwenye foleni nyuma ya zile zilizotangulia, kisha inaipa printa moja baada ya moja. Aliyetangulia ndiye atakayetoka kwanza. Kitu hicho huitwa seva ya printa. Dada alikiita "laptopu yangu uliyoiiba."

Mama alifurahi mpaka akatangaza. Na hapa lazima niwaeleze waifai yetu. Mtaani kwetu mtu hanyimwi chumvi, hanyimwi kaa la moto, na siku hizi hanyimwi paswadi. Mama huipeleka kwa majirani mwenyewe, na Ramadhani huipeleka pamoja na sahani ya futari. Kwa hiyo waliokuwa ndani ya waifai yetu walikuwa wengi kuliko waliokuwa ndani ya nyumba yetu. Ningeweza kuifungia printa ili waione watu wetu tu. Nilikusudia. Lakini ilikuwa siku ya mpira.

Sasa ile chai. Alasiri moja nimejilaza chumbani kwangu, ukuta mmoja na nyanya, nikaandika kwa herufi kubwa: NYANYA, NINA KIU. NIPE CHAI YA TANGAWIZI. Nikabonya. Nikasikia printa inakoroma, kisha nyanya akivuta pumzi.

"Audhubillahi."

Hakupiga kelele. Nyanya yangu si wa kupigia kelele vitu vidogo. Akafungua kabati, akatoa chetezo, akawasha kaa, akatia ubani, akaizungushia printa moshi pande zote kama anayemfukiza bi harusi. Harufu ikanifikia hadi kwangu. Nikaandika: MOSHI UNANIUMA MACHO.

"Macho huna!" nyanya akaijibu. "Usinizulie."

NA MAHAMRI, nikaongeza.

Mungu amweke nyanya. Alikwenda jikoni, akarudi na kikombe na mahamri kwenye sahani, akaviweka mbele ya printa. "Haya, kula uondoke zako," akaiambia, kisha akatoka kwenda kutia udhu. Nikaingia kwa ncha za vidole. Nilikuwa kwenye hamri la mwisho aliporudi kuchukua kanga ya kusalia.

Tukatazamana. Mdomo wangu haukuwa na nafasi ya uongo.

"Kumbe shetani wa mashine," nyanya akasema polepole, "ana pengo kama la mume wangu."

Mama aliposikia aliniosha kwa maneno, halafu nikaosha vyetezo vya nyumba nzima, na nyanya akatoa sheria mbele ya watu wote sebuleni: "Hiki kitu kikinena peke yake, hapana kukisoma. Mtu asitumbue macho. Maneno yake ni ya huyu hasidi mdogo, na hasidi hulishwa kwa kusikizwa." Wote wakaitikia. Mimi nikacheka kichinichini. Sikujua kwamba sheria ile ingekuja kufuatwa neno kwa neno.

Mambo yangeishia hapo kama dada asingeposwa.

Bwana harusi ni mtu wa Jomvu Kuu, mpole, mwenye ndevu zilizotunzwa kuliko bustani. Hatukuwa na neno naye. Neno lilikuwa kwa mamake. Yule mama ni wa ukoo wa zamani, Kiswahili chake kimenyooka hata ukimsikiliza unaketi vizuri, na mwaliko wa simu kwake si mwaliko. Kuna jamaa zake walimtumia picha ya kadi kwenye simu, naye hakuuliza wala hakuteta. Siku ya shughuli alibaki kwake anachambua mchele, na wanawake wote wa Jomvu Kuu wakabaki naye wakichambua mchele. Jamaa wale walikula pilau wiki nzima.

Dada aliogopa hilo kuliko alivyoogopa ndoa yenyewe. Siku ya kupamba bi harusi hukalishwa juu mbele ya wanawake wa pande zote mbili, na alikuwa anajiona amekaa pale amepakwa hina mpaka kwenye viwiko, upande wa mumewe mikeka mitupu.

"Mimi nataka kitu kimoja tu," aliniambia, na aliniambia vizuri, si kama anavyoniambia siku zote. "Mama mkwe aje, na aje akicheka. Kwa hivyo kadi zangu usizifanyie utani. Wallahi nitakuchoma kwa pasi."

Ikaamuliwa kadi za wanawake tuzitoe nyumbani, kwenye karatasi nzito ya rangi ya maziwa, upande mmoja maneno ya mwaliko, upande wa pili maua ya asumini aliyoyachora dada mwenyewe. Na zisipelekwe ovyo. Zitapelekwa na shangazi yetu, ambaye ni mwalishi, yaani yule mwanamke anayepita nyumba kwa nyumba akialika kwa mdomo, kwa maneno yaliyopangika, akiwa amefukizwa udi. Kadi ni ukumbusho tu. Mwaliko wenyewe ni shangazi. Mama mkwe alipopelekewa habari hiyo alisema, "Alhamdulillahi, kumbe wapo watu waliolelewa."

Siku ya kazi nilikuwa na adabu hata mimi nilijishangaa. Nilitoa upande wa maneno, kadi baada ya kadi, nyanya ameketi kitandani na tasbihi akisema mashallah kwa kila moja. Zilipokwisha nikazigeuza, nikazirudisha kwenye trei zingojee maua. Na kwa kuwa najua nani yumo kwenye waifai yetu, nikaisimamisha foleni: mtu akituma kitu chake kingengoja ndani ya laptopu, kisitoke juu ya kadi zetu. Nataka hilo liandikwe. Nilikuwa na akili mpaka hapo.

"Wino mbichi," dada akasema. "Maua usiyatume mpaka nikwambie."

Nikatoka. Mama alikuwa chuoni. Nikaenda kwenye baraza ya kona, ambapo waifai yetu hufika nyembamba lakini hufika, nikakuta vijana wanacheza keram. Nikaingia. Nilikuwa nashinda, jambo lisilotokea sana, simu ilipolia. Dada: "Wino umekauka. Shangazi ameshafika. Njoo utoe maua."

Mtu mwenye seva haji. Nikatoa simu, nikatuma maua, nikaifungulia foleni, nikarudi kumpiga malkia pembeni mwa ubao.

Jambo nisilolitazama lilikuwa foleni yenyewe. Jirani yetu wa ukuta wa pili, mzee ninayemwita ami, alikuwa amepotelewa na beberu wake. Beberu yule ni maarufu Mjambere yote. Ndevu zake hutiwa hina kila Idi, na hakuna muuza mchicha asiyewahi kumkimbiza. Ami alikuwa ametengeneza tangazo la kubandika ukutani, akalituma kwa printa yetu wakati foleni imesimama. Halikutoka. Akalituma tena. Halikutoka. Akalituma tena kwa hasira, safari hii nakala nyingi. Ami ni mtu wa subira katika mambo yote isipokuwa kubonya.

Na aliyetangulia ndiye atakayetoka kwanza.

Yaliyotokea chumbani niliyapata baadaye kwa shangazi. Dada alikuwa jikoni anamtilia shangazi chai. Nyanya na shangazi wanangoja maua. Printa ikaamka, ikatoa kadi ya kwanza, na badala ya asumini nyanya akaona, kwa pembe ya jicho, herufi kubwa nyeusi.

"Kimeanza tena," nyanya akasema, akageuza uso ukutani.

"Kimeanza nini?" shangazi akauliza.

"Maneno ya yule hasidi. Usisome."

"Mama, mbona yaonekana kama..."

"Usisome, nnakwambia! Ukisoma ndiyo afurahi. Wewe toa zikitoka, tia bahashani, upande wa mwaliko mbele. Huu wa nyuma haupo."

Na shangazi, mtu mzima mwenye wajukuu, akamtii mamake. Wakazitia bahashani zote, mmoja akitazama ukuta na mwingine akitazama dari, wakazibandika, shangazi akanywa chai yake kwa haraka, akajifukiza, akavaa buibui, akaondoka. Dada aliporudi kutoka jikoni akaulizia maua. "Yametoka," nyanya akamwambia. "Hasidi kaandika upuzi wake lakini hatukumpa uso." Dada akadhani nyanya anasinzia.

Mimi nilirudi jioni nikiwa na njaa na furaha ya ushindi. Nikaiona printa inamwekamweka taa nyekundu: karatasi zimekwisha. Nikatazama foleni kwenye simu. Maua yangu yalikuwa bado yamo humo humo, yamekaa mwisho kama watu wa heshima, yanangoja zamu. Nikavuta trei. Kadi moja ilikuwa imekwama. Nikaitoa.

Mbele: tunayo furaha kuwaalika. Nyuma, pamoja na picha iliyopigwa kwa karibu sana: AMEPOTEA BEBERU. MWEUPE, NDEVU NYEKUNDU. MKAIDI. AKIITWA HAJI, AKIONYESHWA CHAKULA HUJA. HULA NGUO ZA WATU. ATAKAYEMUONA AMSHIKE PEMBE AMREJESHE KWA MWENYEWE.

Nikacheka. Samahani, lakini nilicheka. Halafu nikakumbuka pasi.

"Dada," nikaita. "Shangazi ameanzia wapi?"

"Junda kwanza, halafu ami mwingine anamchukua kwa gari mpaka Jomvu Kuu. Kwa nini? Mbona uso wako hivyo?"

Nikampa kadi. Aliisoma mbele. Akaigeuza. Hakunifukuza, hata pasi hakuitazama, aliketi chini sakafuni pale pale mlangoni, kadi mkononi, akasema tu, "Mikeka mitupu." Wallahi ningependa zaidi anichome.

Tukampigia shangazi. Tukapiga tukapiga. Mwalishi hapokei simu akiwa barazani kwa watu, ni utovu wa adabu, na shangazi ni mwalishi wa kweli. Simu yake huizika chini ya mkoba chini ya leso. Mama akaingia akitoka chuoni, akatukuta dada sakafuni, mimi nimesimama na simu, nyanya anauliza kwani kuna nini. Akaichukua kadi. Aliisoma pande zote mbili kwa utulivu wa mwalimu anayesahihisha. Kabla hajaniinulia macho, simu yake ikalia.

Mama mkwe.

Mama akaweka spika, nadhani kwa kukosea. Wakaamkiana, wakaulizana hali, hali ya nyumba, hali ya nyanya, hali ya goti la nyanya. Dada amefumba macho.

"Mwalishi wenu kafika," mama mkwe akasema. "Kaalika vizuri, nimependa. Nikaifungua kadi mbele ya wageni wangu, nikaisoma kwa sauti. Kisha nikaigeuza, nayo nikaisoma kwa sauti."

"Naomba radhi, mwenzangu," mama akaanza, "hapa nyumbani kuna mtoto..."

"Huyo beberu, kaonekana?"

"Bado."

"Basi nisikize. Hapa kwangu nina mmoja. Ana ndevu kama hizo. Mkaidi. Akiitwa haji, akionyeshwa chakula huja. Kalala sebuleni tangu adhuhuri. Nimemwamsha nikamwambia, mwanangu, watu wa mkeo wanakutafuta, wametoa mpaka tangazo." Hapo sauti ikamkatika. Nyuma yake tukasikia baraza nzima ya wanawake inapasuka kwa kicheko, na sauti ya shangazi ikilia, "Mimi niliambiwa nisisome! Niliambiwa nisisome!"

Alipopata pumzi mama mkwe akasema, "Kadi za maua ninazo kabati zima, bibi. Ya mbuzi ndiyo ya kwanza. Mwambie mwanangu nitakuja, na nitakaa mkeka wa mbele. Na hao wote waliomo hapa wanakuja, wamesema wanataka kumuona beberu."

Dada alicheka mpaka akashikwa na kwikwi, nyanya akampiga mgongo huku akiuliza kuna beberu gani, maana yeye hakusoma. Mama hakucheka. Mama alikuwa ananitazama.

Ningali natafuta pa kujificha, hodi ikapigwa. Ami wa ukuta wa pili, na beberu wake mwenyewe kamshika pembe. Kumbe mwanamke mmoja wa Junda alikuwa ameipokea kadi, akaigeuza, akainua macho, na mwenye picha yuko kwenye mchicha wake anatafuna.

"Mwanangu, printa yako ina baraka!" ami akaniambia, akinishika kichwa. "Nilibonya nikabonya, nikadhani imenikataa. Kumbe ilikuwa yanichagulia karatasi nzuri! Allah akuzidishie. Tena nilitaka kukuuliza, hivi tangu jana waifai yanisumbua..."

Beberu akanyoosha shingo, akaichukua ile kadi mkononi mwa mama, akaanza kuila kwa upande wa maneno. Hakuna aliyemzuia. Mama alingoja mpaka ami ameaga na mlango umefungwa. Akakunja mikono ya buibui lake. Nikajikaza.

Akasema hivi, na sijapunguza wala sijaongeza: "Ibadilishe hiyo paswadi sasa hivi, nisione tena mtu wa nje kuigusa printa yangu. Ukisha, iandike vizuri kwenye karatasi umpelekee ami yako, asije akaona tumemnyima."